Shahidi wa Nyumba ya Jirani

Watu wa Kasingirima walimjua Melania kwa mawese kabla ya kumjua kwa uongozi. Alikuwa na meza yake soko la Ujiji, na mawese yake hayakuwa na mashapo, maana aliyachuja mwenyewe kwa kitambaa cheupe kabla ya kuyatia kwenye chupa. Mumewe, fundi wa reli, alifariki watoto wakiwa bado shule ya msingi. Akawalea kwa meza ile ile mpaka Shukrani akaolewa Mwanza na Marselino akapata ajira Dodoma, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Hata hivyo, siku hizo hakuwa mpweke. Tangu achaguliwe kuwa mwenyekiti wa mtaa, baraza lake halikukauka watu. Huyu anataka barua ya utambulisho apeleke benki, yule mbuzi wake kakatwa mguu na jirani, na yule mwingine hasemezani na mkewe wiki nzima. Melania aliwasikiliza wote huku mikono ikichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, na mara nyingi ugomvi uliisha kabla sombe haijaingia kinuni. Wazee wa mtaa walisema mama huyu ana masikio mawili kwelikweli, wengine wanayo ya kutogea hereni tu.

Na kama baraza likikosa mgeni, Yunisi alikuwepo. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, na katikati ya ua ule palikuwa na upenyo uliotokana na wanawake wawili kupita hapo miaka na miaka, mmoja akifuata chumvi, mwingine akirudisha ungo. Yunisi alikuwa Mbembe. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo naye akiwa mgongoni. Aliuza dagaa na migebuka katika mwalo wa Katonga, na kila alfajiri kabla ya kwenda kupokea mitumbwi alipitisha kichwa kwenye upenyo akamsalimu mwenzake kwa Kiha cha kuchekesha, "Mwakeye, Mama Shukrani," naye Melania akamjibu kwa maneno machache ya Kibembe aliyoyajua, ambayo mengi yalikuwa ya jikoni. Wamezaa pamoja, wameuguzana, wamezikiana. Melania alipofiwa na mume, Yunisi ndiye aliyelala naye kwenye mkeka mpaka tanga lilipoondolewa.

Mume wa Yunisi aliitwa Thobias. Alianza kama mvuta nyavu kwenye boti za watu, kijana mpole asiyependa makuu. Baadaye akapata boti yake mwenyewe ya injini, kisha akajenga vyumba vya biashara kule Katonga. Watu walisema Mungu amemfungulia. Vijana wengi wa mtaa walikula kutokana na boti ile, na hakuna aliyekaa akajiuliza dagaa wa namna gani hao wanaojenga vyumba kwa haraka hivyo. Melania naye hakujiuliza. Mtu hamchunguzi jirani yake anayemletea samaki.

Asubuhi moja ya kiangazi Melania alikuwa uani akichuja mawese, askari wakaingia wakiwa na mkuu wao, inspekta mmoja aliyeitwa Elikana, mgeni Kigoma. Alikuwa mtu wa adabu. Akamwamkia shikamoo, akamwambia wana upekuzi mtaani kwake, na sheria inataka awepo kiongozi wa eneo, mtu asiye askari na asiye wa nyumba ile, ashuhudie kila kitakachofanyika ili baadaye mtu asije akasema polisi wamempandikizia kitu. Melania aliwahi kuitwa kwa kazi ya namna hiyo, mara ya kwanza ni kijana aliyeiba pikipiki. Akanawa mikono, akajifunga kitenge, akachukua muhuri wake. Alipouliza ni kwa nani, Inspekta akasema ataona wakifika.

Walipotoka getini hawakupanda gari. Wakageuka kushoto.

Melania alisema baadaye kwamba njia ile, ambayo alikuwa akiipita na ndoo kichwani bila kuifikiria, siku hiyo miguu yake haikutaka kuimaliza. Thobias alikuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Akawaona askari, kisha akamwona Melania nyuma yao, akaacha kamba. Hakukimbia. Akasomewa hati ya upekuzi, akaulizwa kama ameielewa, akasema ameielewa.

Wakaanza na vyumba. Melania alifuata mlango kwa mlango kama alivyoelekezwa, asiache hata mara moja kuangalia. Aliona godoro la Yunisi likipinduliwa, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelianika juani pamoja naye majuzi. Aliona sanduku la vitenge likifunguliwa, na kimoja kati ya hivyo walikuwa wamekinunua sare kwa ajili ya harusi ya Shukrani. Hapakuwa na kitu. Moyo wake ukaanza kutulia. Kisha wakaenda stoo ya nyuma, ilikohifadhiwa dagaa wakavu. Askari mmoja alikuwa na nondo nyembamba, akawa anachoma magunia moja baada ya jingine. Kwenye gunia la pembeni nondo iligota.

Wakamwaga dagaa sakafuni. Katikati yao mkaporomoka vitu virefu vilivyoviringishwa kwa vipande vya chandarua. Askari akafungua kimoja. Melania hakuwa ameona pembe ya ndovu tangu azaliwe, na mwanzoni alidhani ni kuni iliyomenywa maganda.

"Mama Mwenyekiti, umeona?" Inspekta akamuuliza.

Alitaka kumtazama Thobias, lakini shingo ilikataa.

"Nimeona," akasema.

Pembe zikapimwa na kuwekewa alama, hati ya kukamata mali ikajazwa pale pale juu ya pipa la maji. Thobias akatia sahihi, askari wakatia sahihi, na ikafika zamu ya shahidi huru. Melania alikuwa ameinama juu ya pipa, kalamu mkononi, Yunisi alipoingia. Mtu alikuwa amempigia simu Katonga, naye alikuja kwa bodaboda na beseni lake la migebuka mapajani. Akatazama dagaa waliotapakaa. Akatazama zile pembe. Akamtazama mumewe na pingu zake. Kisha akamtazama Melania na ile kalamu, na jicho lake likatua hapo, halikuondoka. Alitua beseni chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga maji.

Jioni ile Melania alipika ugali wa muhogo na kuku, akafunika vizuri, akapita kwenye upenyo. Dada yake Yunisi alikuja mlangoni akasema Yunisi hajisikii vizuri, amelala. Chakula akakipokea. Kesho yake sahani zilirudishwa zimewekwa juu ya ukuta wa choo, zikiwa zimeoshwa, bila mtu.

Maneno yakaanza. Kwanza yalikuwa ya chini chini pale kisimani, kwamba polisi hawakuota, lazima kuna mtu amewatonya, na nani anaijua nyumba ile kuliko yule anayepita kwenye upenyo? Kisha yakapanda juu. Vijana waliopoteza kazi kwenye boti walikuwa wakikaa kijiweni, na Melania akipita mmoja wao alisema kwa sauti kwamba siku hizi mtaani kuna watu wanachoma wenzao. Mwezi ule ule Marselino alimtumia mama yake mabati mapya, aliyokuwa amemwahidi tangu masika yaliyopita. Mafundi walipopanda kuezeka, mtaa mzima ukanyanyua macho, na jioni ikajulikana kwamba serikali imemlipa mwenyekiti kwa mabati. Angesema nini? Angemwendea nani na kumwapia? Alipofungua mdomo kwa mama mmoja wa dukani kumweleza kwamba hata yeye alijua ni nyumba gani pale tu walipokata kona, yule mama alimhesabia chenji yake na kumuuliza kama anahitaji mfuko.

Baraza likakauka. Waliotaka barua walikwenda kumngojea mtendaji wa kata, japo ofisi ilikuwa mbali na foleni ndefu. Wenye ugomvi waligombana mpaka mwisho. Jumuiya ya parokiani ilikuwa na utaratibu wa kusali kila wiki nyumba hadi nyumba, na zamu ya Melania ilipokaribia alifagia, akaazima mikeka, akachemsha maharage na mahindi. Jumamosi hiyo katibu wa jumuiya akampigia simu kwamba wameona afadhali waende kwanza kwa Mzee Pastory, ana mgonjwa. Zamu ilipozunguka tena alipika vile vile, lakini hata simu haikupigwa, wala mtu hakuja. Melania alikula yale maharage siku kadhaa, mengine akawapa kuku.

Kesi ilisogea taratibu, kama zinavyosogea. Kisha siku moja wakaja watu wa mahakama pamoja na Inspekta Elikana, wakabandika karatasi kwenye mlango wa Yunisi. Mahakama ilikuwa imetoa amri ya zuio. Nyumba, boti na injini yake, na vile vyumba vya Katonga, visiuzwe, visipangishwe, visihamishwe wala kubomolewa mpaka kesi imalizike, kwa sababu serikali ilidai kwamba vilitumika katika uhalifu au vilizaliwa nao. Boti ilivutwa nchi kavu ikafungwa mnyororo. Nakala ya amri akakabidhiwa Melania kama kiongozi wa mtaa, akaombwa atoe taarifa akiona chochote kinaondolewa. Akatia sahihi kuwa ameipokea. Mkono wake ulikuwa umeanza kuichukia sahihi yake.

Kaka yake Yunisi alivuka ziwa kutoka Kalemie wakati wa mvua. Alikuwa mtu wa kufanya mambo haraka. Asubuhi Melania alisikia mabati yakigongwa, akatoka, akaona vijana wawili wako juu ya paa la jirani wanang'oa misumari, na milango imeshaegemezwa ukutani. Yule kaka alikuwa akisema kama serikali inaitaka nyumba basi iichukue bila paa.

Melania angeweza kurudi ndani. Alisimama uani kwake akifikiria hilo, mvua ikimmwagikia mabegani. Angerudi ndani, mtu mwingine angepiga simu, na Yunisi angejibu shtaka la kuvunja amri ya mahakama, naye alikuwa na watoto wawili waliokuwa bado wakisoma. Akapita kwenye upenyo, ambao minyaa ilikuwa imeshaanza kuuziba, ikamchuna mkono. Akamwambia yule kaka kwa upole kwamba kinachofanyika pale kitamfunga dada yake. Yule kaka akamwambia aondoke. Yunisi akatoka, kanga kichwani.

"Mama Bariki," Melania akasema, "waambie washuke. Sijamwita mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Hata paa langu unalilinda wewe?"

"Nakulinda wewe."

Yunisi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Lakini akainua uso akawaita vijana washuke. Milango ikarudishwa. Mabati yaliyolegea hayakupigiliwa vizuri, na tangu siku hiyo upepo wa ziwa ukivuma usiku yalilia, na Melania kwa upande wake wa ua akawa anayasikiliza.

Hatimaye aliitwa kutoa ushahidi. Alivaa gauni lake la kanisani. Ndani ya ukumbi, Yunisi alikuwa amekaa benchi la nyuma peke yake, na Thobias kizimbani alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ikawa pana. Wakili wa serikali akamwongoza: aliitwa na nani, alifuata wapi, aliona nini, sahihi hii ni ya nani. Melania alieleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Wakili wa utetezi alimuuliza kama haiwezekani askari waliingia na zile pembe. Alijua kwamba hapo ndipo mtaa mzima ulipokuwa unasubiri. Angesema hana hakika. Neno dogo tu. Akasema aliingia stoo pamoja nao, na mikono ya askari ilikuwa mitupu isipokuwa ile nondo. Thobias akainamisha kichwa.

Akahukumiwa kifungo cha miaka ishirini. Yunisi alitoka ukumbini akishika kuta.

Lakini kesi haikuishia hapo, maana mali bado ilikuwa imefungwa. Upande wa serikali uliomba itaifishwe yote. Mahakama ikatoa tangazo kwamba yeyote mwenye maslahi katika mali hizo, asiyehusika na uhalifu, aje aeleze kabla ya amri ya mwisho. Tangazo likabandikwa ofisi ya kata, na nakala ikaletwa kwa Melania ili atangaze mtaani. Alilisoma akiwa amekaa kwenye baraza lake tupu, akalisoma tena, na akaona kitu ambacho pengine Yunisi, kwa uchungu wake, asingekiona. Nyumba ile ya Kasingirima haikuwa ya boti. Kiwanja alikinunua Yunisi mwenyewe kwa dagaa, Thobias akiwa bado mvuta nyavu wa watu. Melania alikwenda naye kumwona bibi aliyekiuza. Matofali walifyatua wanawake wawili hawa, wakiimba, matope yakiwa magotini, na Melania alikuwa na mimba ya Marselino wakati huo.

Akaenda kubisha hodi. Ndani palikuwa na mtu, aliusikia mwiko ukigonga sufuria, kisha ukanyamaza. Akaeleza yote kwa mlango uliofungwa.

Basi akapanda bajaji mpaka eneo la Mwanga mjini, kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, akamkuta mwanasheria kijana aitwaye Scola. Akamweleza habari za Yunisi, na akamwomba jambo moja: amtafute Yunisi mwenyewe, asimwambie katumwa na nani. Scola akakubali.

Yunisi alienda. Scola alimwandalia maombi na hati ya kiapo, akamweleza kwamba kinachotakiwa ni kuonyesha mambo mawili: kuwa nyumba ilipatikana kwa jasho lake kabla ya uhalifu, na kuwa hakujua kilichofichwa stoo. La pili lilikuwa na maelezo yake. Stoo ile ufunguo alikaa nao Thobias, na hata vijana wa boti walilisema hilo kwenye kesi. La kwanza lilihitaji shahidi. Bibi aliyeuza kiwanja alikuwa ameshakufa. Mjumbe wa wakati ule alihamia Kasulu akapoteza kumbukumbu. Scola akauliza kama hakuna mtu mwingine hata mmoja aliyeona nyumba ikijengwa. Yunisi akakunjakunja ncha ya kitenge.

"Yupo mmoja," akasema. "Mwite. Atakuja."

Siku ya shauri Melania alikaa tena kwenye kiti kile kile cha shahidi. Alieleza habari za bibi, za kiwanja, za matofali. Wakili wa serikali, yule yule wa kwanza, akasimama kumuuliza maswali, na safari hii hakuwa na tabasamu. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeapa mbele ya mahakama kuwa aliziona pembe ndani ya nyumba hiyo. Je, leo ameona huruma?

"Pembe niliziona," Melania akasema. "Na matofali niliyaona yakifyatuliwa. Macho ni haya haya."

Uamuzi ulisomwa majuma kadhaa baadaye. Boti, injini na vyumba vya Katonga vilitaifishwa kuwa mali ya serikali, vikauzwa kwa mnada pale pale mwaloni, mnunuzi mtu wa Kibirizi. Nyumba ya Kasingirima iliondolewa kwenye zuio. Mahakama iliridhika kwamba ni ya mke, na mke hakuwa na hatia. Scola alifurahi mpaka akamkumbatia mteja wake mlangoni.

Melania alikuwa amesimama kando, karibu na bomba la maji, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Alimwona Yunisi akija. Tangu siku ile ya mabati hawakuwa wamekaribiana hivyo. Alianza kufikiri, na alijua ni kama kuota, kwamba watapanda bajaji moja, watashuka pamoja, na kesho alfajiri atasikia sauti upande wa pili wa ua.

"Asante," Yunisi akasema. "Nyumba ni yangu kwa sababu yako."

"Ni yako kwa sababu ni yako, Mama Bariki."

"Nimekusikia mara mbili ndani ya chumba kile. Mara zote mbili ulisema kweli. Sikukasirikii, nimejaribu nikashindwa. Lakini kila nikikutazama namwona mume wangu na zile pingu, na wewe umeinama kwenye pipa. Siwezi kuamka kila siku nikaona hilo. Unisamehe."

Melania akasema amesamehe. Yunisi akamshika mkono, mkono wote, akaubana, akauachia. Wiki ile ile alipangisha nyumba kwa mwalimu mmoja kijana, akapakia vyombo na watoto kwenye meli ya mizigo, akavuka kwenda kwa kaka yake Kalemie. Hakuaga mtaa. Melania aliona tu kwamba mabati ya jirani hayalii tena, fundi wa mwalimu ameyapigilia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika hakuchukua fomu. Walioshinda walishinda. Alirudi mezani kwake Ujiji moja kwa moja, asubuhi mpaka jioni, akiwa na wateja wa kupita, watu wa treni na watu wa Burundi wasiojua habari zake, na hao ndio aliozungumza nao zaidi. Shukrani alimpigia simu akamsihi ahamie Mwanza. Alisema atafikiria. Jioni alikula mapema, akaosha sahani moja, akakaa. Kuna wakati alijikuta akieleza jambo kwa sauti, habari za bei ya chumvi au mvua iliyochelewa, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na mtu upande wa pili.

Ilikuwa katika kipindi hicho, siku moja asiyokuwa ameipanga, alipofunga meza mapema, akanunua sabuni na dawa ya meno, akapanda gari la kwenda gerezani. Njia nzima alijiambia atashuka kituo kinachofuata. Askari wa zamu alimuuliza yeye ni nani kwa mfungwa. Akasema jirani.

Aliletwa Thobias. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi. Alipomwona nyuma ya wavu alisimama, na Melania akajua atageuka arudi, naye asingemlaumu. Lakini Thobias akavuta benchi akaketi.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba, Baba Bariki."

Thobias akamuuliza kama ana habari zozote za Yunisi, kwa kuwa tangu avuke hajapata hata salamu. Melania akasema hana. Alimwambia tu kwamba nyumba imo mikononi mwa mtu mzuri, mwalimu, na paa limetengenezwa. Akaanza kumwomba radhi. Thobias akatikisa kichwa.

"Zile pembe niliziweka mimi," akasema. "Wewe ulikuwepo tu. Humu ndani nimepata muda wa kulifikiria hilo, na sikupata pa kulipindisha. Wengine waliokula kwa boti yangu hakuna aliyekuja. Umekuja wewe."

Melania akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akamuuliza kama wanakula vizuri, akasema wanakula. Akamuuliza kama kuna baridi, akasema usiku ipo. Kisha wakakaa pande mbili za wavu, Melania akimtazama mikono, iliyokuwa bado na makovu ya kamba za nyavu, naye akitazama sakafu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka. Askari akaja akasema muda umekwisha. Thobias akauliza kama shemeji yake anaweza kumletea blanketi, kama haitakuwa usumbufu.

Melania akasema haitakuwa usumbufu, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akamletea.